Mtani Aliyeteka Mwaka Wangu wa Msingi

Mwaka wangu wa msingi ulikuja kwa posta, umefungwa kamba ya katani, kona moja imetafunwa na panya. Karani wa posta pale Shinyanga mjini aliupima kwa mkono, akautikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi, kisha akaniuliza, "Dawa hii?"

"Sheria," nikasema.

"Ya kunywa au ya kupaka?"

Mtu anayeanza shahada hawezi kupoteza muda na watu wa madirishani. Nilikifunga kifurushi nyuma ya baiskeli ya mahakama, nikakanyaga pedali kuelekea kijijini kwetu, mbele kidogo ya Kolandoto, na kabla sijafika nusu ya njia nilikuwa nimeshashinda kesi tatu, mbili kati ya hizo za mauaji.

Nilikuwa tarishi wa Mahakama ya Mwanzo. Kazi yangu ilikuwa kupeleka hati za kuwaita watu shaurini, kufungua madirisha asubuhi, kufagia kinyesi cha popo kwenye meza ya hakimu kabla hakimu hajakiona, na kupaza sauti "Kimya!" watu wakizidi kuongea. Kwa neno hilo moja nilijiona mwanasheria. Elimu yangu iliishia darasa la nane, lakini chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimetangaza kwamba mtu yeyote, hata asiyekanyaga kidato cha sita, aweza kusoma shahada ya sheria kwa njia ya posta, ilimradi aanze na mwaka wa msingi. Tangazo lenyewe nililisoma kwenye kipande cha gazeti kilichofungia dagaa wa Nkome, kule ziwani. Mistari inayoeleza ugumu wa masomo ilikuwa imetobolewa na vichwa vya dagaa, kwa hiyo niliamini hakuna ugumu.

Ndani ya kifurushi mlikuwa na vijitabu kumi na viwili vya Kiingereza, somo la kwanza mpaka la kumi na mbili. Nilivishona pamoja kwa sindano ya magunia, nikavivika jalada la kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye sare yangu ya zamani. Kikawa kitabu kizito, chenye mfuko upande wa nyuma, maana kitambaa hicho kilikuwa cha suruali.

Nilisoma kila mahali. Nilisoma kuhusu Mwingereza aliyemwuzia mwenzake farasi mgonjwa. Farasi sijapata kumwona, mgonjwa wala mzima, lakini kesi yake niliijua kama jina langu. Nyumbani nikawa sishikiki. Siku moja mama aliniambia nimletee maji.

"Mayu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "hilo ni ombi la kufunga mkataba, au ni mwaliko tu wa kujadiliana?"

"Ni ndoo," mama akasema, akanikabidhi.

Mama hakuwa na haraka na ndoto zangu. Kaka yangu mkubwa alikuwa Geita, akichokoachokoa vifusi vya mgodi wa zamani akitafuta dhahabu waliyoisahau wazungu. Mama alizoea kuwaambia wageni, "Mmoja anachimba dhahabu, mmoja anachimba sheria. Mpaka sasa wote wawili wameniletea vumbi."

Hakimu naye alinionea huruma kwa namna yake. Alikuwa mtu wa nyanda za juu kusini, mkavu, mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kazi na moja ya kuazima watu. Aliponiona nimekumbatia kitabu cha kaki aliuliza nataka kuwa nani. Nikamwambia nataka siku moja kusimama palepale mbele yake, nimevaa joho, nikimtetea mnyonge.

"Tarishi," akasema, "sheria ya nchi hii hairuhusu wakili kusimama katika Mahakama ya Mwanzo. Siku utakayopata hiyo shahada, mlango huu utaingia kwa jambo moja tu. Kufagia."

Kesho yake nilikuwa nimeshalisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na masikio yangu yalikuwa yanachuja.

Nilisonga mpaka somo la kumi na mbili. Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea mwaka wa msingi, na mlango wenyewe ulikuwa na kitasa. Mwanafunzi, lilisema somo hilo, aeleze mgogoro mmoja halisi, kati ya watu anaowajua, aliouona tangu mwanzo hadi mwisho. Na hakimu au wakili ashuhudie kwa sahihi yake kwamba mgogoro huo ni wa kweli. Asiyeleta ripoti hiyo havuki kuingia mwaka wa kwanza wa shahada. Nilikwenda kwa hakimu mbio.

"Mafaili ya mahakama si madaftari ya shule," akasema. "Tafuta mgogoro wako mwenyewe. Ukiupata, ukiwa wa kweli, sahihi nitaweka."

Mtu angedhani kupata ugomvi ni jambo rahisi. Kijiji chetu kilikuwa kimegombana tangu nizaliwe: mipaka, mbuzi, wake, mitego ya samaki bwawani. Lakini nilipoanza kuwahitaji wagombane, walipatana wote kwa makusudi. Nilipita nyumba hadi nyumba, penseli sikioni. "Wadila," nasalimia, maana ilikuwa alasiri. "Wadila, karibu." "Hakuna aliyekudhulumu siku hizi?" Watu wakaniangalia. Bibi mmoja alikiri kwamba mbuzi wa jirani alimlia karanga zake zote, nikaruka kwa furaha mpaka nikamkanyaga paka. Nikamwomba asipatane na mtu mpaka nirudi na daftari. Niliporudi siku ya pili nilimkuta yeye na jirani wamekaa kwenye mkeka mmoja, wanamla yule mbuzi, na wakanikaribisha paja.

Basi, nikiwa katika kutafuta hivyo, bibi yangu akafariki. Bibi mzaa mama. Alikuwa mzee sana, amewazika wa rika lake wote, na mwenyewe alikuwa amekwisha kuchagua mahali anapotaka kulala, karibu na zizi, asikie ng'ombe wakitoka asubuhi. Nililia. Sisemi ili nionekane mwema. Nililia mpaka sare ya serikali ikalowa mabegani, maana bibi ndiye aliyekuwa akiniita "bwana shauri" bila kucheka.

Tulimzika. Siku ya tatu watu bado walikuwa wamejaa uani, wanawake ndani, wanaume nje kwenye moto, na kimetanda kimya ambacho ndani yake hata mbwa anatembea kwa ncha za vidole. Mama alikuwa hajala vizuri tangu siku ile. Mimi niliona nikikaa hapo nitalia tena, nikaenda nyuma ya kihenge cha mtama, nikatoa kitabu changu cha kaki na kujisomea habari za farasi.

Ndipo akaja mtani.

Hakuna asiyejua kwamba sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo hadi pwani na kulala kwenye baraza za babu zao. Mtani wetu alikuwa Mzaramo wa reli, mzee wa kubadilisha njia za treni pale stesheni ya Shinyanga, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinunua maziwa kwa bibi na kumtukana bei. Alikuwa amepata habari amechelewa. Aliingia uani amevaa kofia ya reli nyuma mbele, kanga ya bibi aliyoinyakua kwenye kamba imefungwa kifuani, akajitupa chini katikati ya wazee.

"Nani kaniulia mke wangu?" akapiga ukelele. "Niliwaachia mke mzima, ana meno mawili, mnanirudishia kaburi! Nyinyi watu hamuwezi kutunza kitu isipokuwa ng'ombe!"

Mzee mmoja wetu akajikohoza. "Mzaramo, ungekuwa unampenda ungekuja juzi kuchimba. Umengoja kaburi limefukiwa ndiyo unakuja na mikono laini."

"Juzi nilikuwa nacheza ngoma."

"Lini huchezi?"

Watu wakaanza kuguna guna ile ya kicheko kinachojizuia. Mtani akainuka, akawa anazunguka nyumba akikagua ni nini cha kuchukua, kama ilivyo haki yake, na alipozunguka kihenge akanikuta.

"Ngosha!" akaita, kwa jina wanalowaita wanaume wa Kisukuma. "Unasoma nini hapo, barua ya mchumba?"

"Shikamoo, babu. Nasoma sheria."

"Marahaba. Udongo wa bibi yako haujakauka, wenzako wako kwenye moto wanamkumbuka, wewe umejificha na sheria? Lete hapa."

Kabla sijafunga ukurasa alikuwa amekinyakua. Akakiweka kichwani, akakifunika kwa kofia, akatoka mbele za watu akitembea kwa maringo kama bibi harusi.

"Nimekamata!" akatangaza. "Nimekamata shahada! Atakayetaka kuikomboa alete kuku, tena kuku mwenye adabu, si hawa wenu wanaolala na ng'ombe mpaka wananuka maziwa!"

Uwanja mzima ukapasuka. Wazee walicheka wakishika mbavu. Ndani ya nyumba wanawake walicheka, na katikati ya vicheko hivyo nilisikia kimoja ninachokijua, cha mama, cha kwanza tangu siku ile. Nilikisikia, lakini sikukitia maanani, na mpaka leo jambo hilo linanitia aibu kuliko yote yaliyofuata.

Mama akatoka akijipangusa macho. "Mpe yule kuku mwekundu, yaishe."

Hapo ndipo taa ikawaka kichwani mwangu. Kitu changu kimechukuliwa. Kimechukuliwa bila ridhaa yangu. Aliyekichukua namjua, na mimi najijua. Niliuona mwanzo wake kwa macho yangu. Nimehangaika kijiji kizima kutafuta mgogoro, kumbe mgogoro wangu ndio huo unaondoka kwa miguu kuelekea Shinyanga, umevaa kofia ya reli.

"Kuku sitoi," nikasema.

"Unasemaje?" mama akashtuka.

"Mtu hakomboi kilicho chake, mayu. Kulipa kwa kulazimishwa si malipo."

Mama akanitazama kama anayetafuta mahali nilipopasuka. "Baba," akaniambia polepole, "yule ni mtani."

"Mbele ya sheria," nikasema, "yule ni mdaiwa."

Jumatatu asubuhi, nikiwa mahakamani peke yangu na popo, niliandika hati. Sikutumia karatasi ya mahakama, na muhuri sikuugusa, niliutazama tu. Lakini maneno niliyajua kwa moyo, nimeyabeba kwenye mkoba miaka mitatu. *Wewe, mbadilisha njia za treni, unaitwa kufika mahakamani Jumamosi saa tatu asubuhi bila kukosa, kujibu shauri la kutwaa kwa nguvu vijitabu kumi na viwili vya mwaka wa msingi, pamoja na jalada lake na mfuko wake. Usipofika, shauri litasikilizwa usipokuwapo.* Nilichagua Jumamosi kwa sababu siku hiyo hakimu huenda mjini. Mpango wangu ulikuwa niwakalishe wazee wawili wa baraza, wale wanaokaa na hakimu kumshauri mambo ya mila, wasikilize, waamue, mimi niandike ripoti, hakimu akirudi aikute imeiva, abaki kutia sahihi tu.

Nikavaa sare, nikaenda nayo kwenye nyumba za reli. Nilimkuta mtani na mkewe barazani wanakunywa chai. Alivaa miwani yake, ambayo mkono wake mmoja umefungwa uzi, akaisoma hati kimya tangu juu hadi chini. Kisha akaanza kutetemeka mabega. Kisha akavua miwani. Akacheka mpaka machozi yakatiririka, akampa mkewe, naye akasoma, akaangua kicheko akajifunika uso kwa ukaya.

"Pamoja na mfuko wake!" mtani akajipiga gotini. "Mke wangu, umesikia? Pamoja na mfuko wake! Hebu mtazame uso. Hacheki hata kidogo! Wasukuma wamejifunza utani! Miaka yote nimewatania peke yangu, leo wananijibu kwa hati!"

"Babu, mimi sina utani," nikasema.

"Ndiyo huo sasa! Ndiyo utani wenyewe! Endelea hivyohivyo."

"Kaa unywe chai, mjukuu wangu," akasema mkewe.

Nikamweleza kwamba mdai hawezi kula kwa mdaiwa. Maandazi yalikuwa ya iliki, yametoka motoni. Nikala mawili, baada ya kusema waziwazi kwamba nayala bila kuathiri haki zangu.

"Na kitabu?" nikauliza nikiondoka.

"Kitabu ni kielelezo," mtani akasema, akipangusa macho. "Kielelezo hakitolewi mpaka siku ya shauri."

Nikapanda baiskeli. Nilikuwa nimefika kwenye kona ndipo nikajiuliza neno hilo kalitoa wapi.

Jumamosi nilifika mapema, nikafagia mara mbili. Wazee wa baraza walikuja kwa sababu walikuwa wamezoea kuja. Wakikiona kiti chao hukikalia bila kuuliza. Mmoja alikuwa na tabia ya kulala wakati wa ushahidi na kuamka wakati wa hukumu. Nyuma yao kikaja kijiji. Sikuwaita, ila mama alikuwa amemwambia jirani mmoja, na jirani mmoja kwetu ni sawa na redio. Mama mwenyewe aliketi mwisho kabisa karibu na mlango, amejifunga kanga ya msiba.

Saa tatu kamili tukasikia ngoma. Mtani alikuwa anakuja na Wazaramo wenzake watano wa reli, na mabegani amejitanda buibui jeusi la mkewe, linaburuzika chini kama joho. Mkononi kashika kitabu changu cha kaki. Watu walishangilia mpaka popo wakaruka.

"Kimya!" nikapaza sauti, na kabla sauti yangu haijafika ukutani, mlango wa ofisi ukafunguka, akatoka hakimu.

Lori la kumpeleka mjini halikuja siku hiyo.

Akatazama umati. Akatazama buibui. Akatazama ngoma, ambayo mpigaji wake aliificha nyuma ya miguu kama mtoto.

"Nani kaita shauri?"

"Mimi, Mheshimiwa," nikasema.

"Namba yake?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Bado," akarudia. Akaketi kitini pake, akatoa kalamu ya kazi. "Haya. Soma."

Nikasoma hati yangu. Sauti ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi porini. Hakimu akamgeukia mtani akamwuliza kama anakubali.

"Nakubali yote, Mheshimiwa," mtani akajibu, ameinama mpaka chini, "na mengine ambayo kasahau kuandika. Ila naomba kusema kidogo katika kujitetea."

"Sema."

Akakifungua kitabu changu. Tangu siku ile ya msiba alikuwa akikisoma kwenye zamu zake, kati ya treni na treni. Kiingereza alikipata kwenye kitabu cha kanuni za reli, ambamo ukikosea neno moja mabehewa yanaanguka. "Somo la nne," akasema, "linasema ridhaa si lazima itamkwe kwa mdomo. Mwenendo wa mtu watosha. Mheshimiwa, Msukuma aliye msibani, akijua anaye mtani Mzaramo, akakaa nyuma ya kihenge ameshika kitu kizuri mkononi, mwenendo huo unasema nini? Unasema, njoo uchukue."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hakimu aliandika.

"Somo la saba. Desturi inayojulikana na pande zote haihitaji kuandikwa, imo ndani ya makubaliano kama chumvi ndani ya mboga. Chumvi nimeongeza mimi, Mheshimiwa, kitabu kinasema maneno mengine. Mdai akanushe kama hajui kwamba mtani huchukua."

Somo la saba mimi nilikuwa nimeliruka. Lilikuwa na maneno marefu, na farasi hakuwamo.

"Na mwisho," mtani akasema, "babu ya huyu alilala barazani kwa babu yangu, akaomba maji, akapewa na dafu. Leo mjukuu ananiita mahakamani kwa sababu ya karatasi zilizoliwa na panya. Naomba ninyongwe, lakini ninyongwe baada ya chakula cha mchana."

Kicheko kilipotulia, hakimu hakuwa amecheka. Aliiweka kalamu chini, akanitazama mimi.

"Tarishi. Nakuuliza mara moja tu. Mimi si mtu wa huku, sijui yenu yanapoishia. Huu ni utani, au ni mgogoro? Kama ni mgogoro nitausajili sasa hivi, nitausikiliza, nitatoa hukumu, na ripoti yako ya chuo nitaitia sahihi leo leo. Kama ni utani, niondoleeni ngoma yenu uani."

Sahihi yangu ilikuwa pale, ndani ya kalamu ile, umbali wa mkono mmoja. Mwaka wa kwanza wa shahada ulikuwa nyuma yake. Kilichotakiwa ni neno moja, na neno lenyewe lilikuwa la kweli, maana mimi, rohoni, nilikuwa nashitaki kweli.

Nikamtazama mtani. Alikuwa bado anatabasamu, akingoja nijibu kwa mzaha mwingine. Nikachelewa. Na katika kule kuchelewa nikaona tabasamu linaanza kumtoka kidogo kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba aliyekuwa akicheza naye hakuwa anacheza. Polepole akalivua buibui begani, akalikunja, akalishika mkononi kama nguo ya kawaida. Alionekana mzee. Kule mlangoni mama alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nikawaza: nikisema mgogoro, huyu hatakuja tena kwetu. Atakuja kununua maziwa labda, ataamkia, ataondoka. Na siku tutakapomzika mwingine, na siku moja mwingine huyo atakuwa mama, tutakaa kwenye moto ule na kimya kile, na hapatakuwa na mtu wa kuingia uani na kofia nyuma mbele. Ndipo nikakisikia tena, safari hii kwa uzito wake, kile kicheko cha mama cha siku ya tatu.

"Ni utani, Mheshimiwa," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nilitaka tu kuona kama Mzaramo anajua kusoma. Tumekuwa tukibishana kijijini miaka mingi."

Mtani akafumba macho kidogo. Kisha akalikunjua buibui, akalirusha begani kwa mbwembwe. "Mmesikia!" akafoka. "Kanileta mpaka mahakamani kunitukana! Mjukuu mzuri kabisa huyu!"

Ngoma ikaanza mlemle ndani. Mzee wa baraza aliyekuwa amelala akaamka, akaona mambo yamefika mwisho, akatoa hukumu kama kawaida yake: "Kuku mmoja!" Akaulizwa kosa ni lipi, akasema kusoma msibani. Hakuna aliyepinga, hata mimi. Mama alicheka waziwazi akatoka kwenda kumkamata yule mwekundu.

Hakimu alinibakiza. Kwa kuandika hati kana kwamba ni ya mahakama, alinipa adhabu ya kupanda darini na kuwaondoa popo wote, mmoja mmoja. Wapo mpaka leo. Kisha akaniambia niandike ripoti yangu nimletee, na kama ina uongo ataichana.

Niliiandika kama ilivyotokea, pamoja na mfuko, buibui na maandazi. Aliisoma yote. Nilimwona mdomo wake ukicheza mara mbili, kwenye buibui na kwenye dafu. "Ni kweli tupu," akasema. "Lakini hapa chini wanataka nishuhudie kwamba palikuwa na mgogoro. Haukuwapo. Nitashuhudia kilichokuwapo." Akaandika chini kwa mwandiko wake mkavu: *Nashuhudia kwamba mgogoro haukuwapo.* Akatia sahihi. Nilivyokuwa na moyo wa matumaini, nikaona sahihi ni sahihi, nikaituma.

Jibu lilichukua miezi. Mkufunzi wangu wa ng'ambo aliandika kwamba maelezo yangu yamemvutia, na kwamba angependa kujua zaidi habari za kuku. Lakini mgogoro hauonekani, na hakimu mwenyewe anathibitisha. Nirudie mwaka wa msingi. Pamoja na barua kulikuwa na kifurushi, kamba ya katani ileile, na ndani vijitabu kumi na viwili vilevile.

Nilikaa nacho uani. Mama akakigeuza geuza.

"Si wamekupa mwaka mwingine?" akaniambia. "Tena huu haukuliwa kona."

Kitabu cha zamani, kile cha kaki, mtani alikuwa amenirudishia siku ileile alipopokea kuku wake, na mimi kwa aibu sikukifungua. Jioni hiyo, jua likiwa bado liko juu ya mbuga, nilikifungua. Pembeni mwa kila ukurasa palikuwa na maandishi ya penseli, madogo, ya Kiswahili safi. Kwenye kesi ya farasi aliandika: *Weka ng'ombe hapa, utaelewa.* Kwenye somo la nne: *Kama dereva akiona bendera ya kijani akaendelea, hawezi kusema hakukubali.* Kwenye somo la saba, lile nililoliruka, alijaza mpaka kando hazikutosha, akaendelea ndani ya mfuko wa suruali kwa kipande cha karatasi ya stesheni. Nikalielewa somo la saba kwa mara ya kwanza, nimekaa karibu na zizi, bibi yangu yupo hatua chache, ng'ombe wanarudi.

Asubuhi yake nilifunga kifurushi kipya nyuma ya baiskeli, na kuku wa madoa kwenye usukani, kichwa chini. Mtani alikuwa barazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mdai. Umeshitaki nani leo?"

"Nimefeli. Nimeambiwa nirudie mwaka wa msingi." Nikamnyoshea kifurushi. "Shika. Safari hii nakuletea mwenyewe, usijisumbue kunyang'anya. Nataka unifundishe."

Akakitazama, akamtazama kuku, akampima kwa mkono kama yule karani wa posta. "Huyu ananuka maziwa," akasema, lakini alikuwa ameshamfungua kamba. Akavaa miwani yake ya uzi. "Somo la kumi na mbili bado lipo?"

"Lipo. Bado wanataka mgogoro, babu. Wa kweli, mwanzo hadi mwisho, na hakimu ashuhudie. Mwaka huu tutautoa wapi?"

"Hilo ndilo linakusumbua?" Akageukia mlango, akapaza sauti ndani. "Mke wangu! Njoo umwambie mjukuu ni nani aliyeivunja birika ya shemeji yako!"

"Wewe!" sauti ya mkewe ikajibu kutoka jikoni, kali kama kisu. "Tena toka siku ile hujakiri!"

Mtani akajinyosha kwenye kiti, ameridhika, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Toa penseli," akaniambia.